Venturi, pampu ya mkono, pampu ya AC au faneli: kipi kikufae kujazia kulanti?

Wota pampu imebadilishwa asubuhi, rejeta imejazwa mpaka shingoni, mwenye gari amelipa na kuondoka. Saa kumi jioni simu inaita: mshale wa joto umepanda, hita inapuliza baridi, na nyuma ya dashibodi maji yanagugumia kama mtungi unaomiminwa. Pampu mpya ni nzima. Ndani ya mfumo kumebaki upepo, na palipo na upepo hapana kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ya kubeba joto. Silinda hedi za aluminiamu, yaani sehemu ya juu ya injini, hazivumilii hali hiyo. Upande mmoja ukipata moto kuliko mwingine, hedi inapinda, gasketi inaungua, na kazi ya nusu siku inageuka kazi ya kufungua injini. Baya zaidi, sensa ya joto ikikaa ndani ya povu la upepo inasoma chini, kwa hiyo dereva anaweza kuona mshale umetulia huku hedi inaungua.

Mimi kazi kama hiyo ilinirudia na Noah yenye hita ya nyuma. Mipira yake inapita chini ya sakafu hadi nyuma ya viti, na upepo ulijificha huko. Niliinua pua ya gari kwa jeki, nikaacha injini ikinguruma nusu saa, nikaamini imekwisha. Haikuwa imekwisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitumia vifaa vya ombwe, au vakyumu kama tunavyosema gereji, na watu wengi wananiuliza wanunue kipi. Jibu linategemea una upepo wa kompresa, una umeme, au una mikono yako tu, na linategemea gari linaloingia kwako kila siku.

Wazo lenyewe ni dogo. Badala ya kumimina kulanti na kuomba upepo utoke wenyewe, unauvuta upepo nje kwanza, unafunga valvu, kisha unafungua upande wa mpira uliozamishwa kwenye ndoo ya kulanti. Mgandamizo wa hewa tunayovuta pumzi ndio unaoisukuma kulanti kuingia, mpaka kwenye kona ambazo kumimina hakufiki.

Mambo ya kupima kabla ya kulipa

La kwanza ni nguvu inayokiendesha. La pili, ombwe linafika wapi na kwa muda gani. La tatu, viunganishi vinavyokaa shingoni mwa rejeta au kwenye tanki la akiba, maana hapo ndipo vifaa vingi vya bei rahisi hufia. La nne, kinaweza kukuonyesha uvujaji kabla hujamimina hata tone? La tano, kinaweza kuharibu nini, pamoja na chenyewe.

Bei nimeiacha makusudi. Inabadilika kutoka duka hadi duka, na kifaa cha bei ndogo ambacho koni yake haizibi shingo ya gari lako ni ghali kuliko vyote.

Geji isome kwa mahali ulipo

Hili nitalikalia kidogo kwa sababu limewafanya mafundi wazuri warudishe vifaa vizima dukani. Maelekezo ya vifaa hivi mara nyingi husema vuta mpaka sindano ifike inchi 25 za zebaki, kipimo cha ombwe. Fundi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anafika hapo. Fundi wa Nairobi anavuta, anavuta, sindano inagota 20 na kitu, anadhani kuna uvujaji au kifaa ni kibovu.

Kifaa ni kizima. Usawa wa bahari hewa inasukuma kwa takriban inchi 29.9 za zebaki. Ukipanda, hewa inapungua. Arusha, karibu mita 1,400, inabaki kama 25.3. Nairobi, karibu mita 1,800, ni 24 hivi. Eldoret, mita 2,100, ni kama 23. Geji hupima tofauti kati ya ndani na nje, hivyo Nairobi huwezi kuona 25 hata ukileta pampu bora kuliko zote duniani, kwa sababu hewa yenyewe haina 25 ya kutoa.

Cha kuangalia ni sehemu ya upepo uliotolewa. Inchi 25 pwani maana yake umetoa kama asilimia 84 ya hewa. Kiasi hichohicho Arusha kitasomeka 21, na Nairobi 20. Andika namba yako kwa wino usiofutika mgongoni mwa geji.

Joto nalo lina neno lake. Kulanti inachemka kwa joto dogo zaidi ikiwa ndani ya ombwe. Maji ya nyuzi 60 yanaanza kuchemka pwani sindano ikifika kama 24, na Nairobi hata ikifika 18. Ukivuta injini ikiwa ya moto, mvuke unachukua nafasi ya upepo uliotoa na sindano inacheza bila kutulia. Acha injini ipoe, haijalishi umenunua kifaa gani.

Kifaa cha venturi cha kompresa

Hiki ndicho kinachoonekana zaidi kwenye gereji zenye vifaa. Upepo wa kompresa unapitishwa kwenye tundu jembamba, unakimbia kasi, na kasi hiyo inavuta hewa ya kwenye mfumo wa kupoza. Ndani hakuna kinachozunguka, hakuna oili, hakuna waya. Kwa sababu hiyo kinadumu, na majimaji yakipita ndani yake hayakiumizi.

Kinachohitaji ni upepo wa kutosha, psi 90 hivi, na usishuke katikati ya kazi. Kompresa yenye tangi la lita 24 inafanya kazi, ila itapumua: unavuta, mgandamizo unashuka, unasubiri ijae, unavuta tena. Ya lita 50 na kuendelea inakwenda bila kusimama kwa gari dogo. Kale kapampu ka tairi kanakochomekwa kwenye soketi ya sigara hakawezi kazi hii kabisa, usimsikilize muuzaji.

Kwa injini kama ya IST au Probox, ambayo mfumo wake wote ni kama lita 5, ombwe linafika ndani ya dakika moja au mbili. Funga valvu, tazama sindano dakika tano. Ikitulia, mfumo haupitishi hewa. Ikishuka, kuna mahali pamelegea, na umejua kabla hujamwaga kulanti ya mtu. Mipira mikubwa itabonyea na kushikana kama imekamuliwa. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa. Mpira uliooza unaweza kupasuka hapo, lakini afadhali upasuke mbele yako kuliko katikati ya mlima Kitonga na abiria ndani.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye viunganishi. Seti nyingi huja na koni za mpira zinazokaa vizuri kwenye shingo za rejeta za Kijapani, ndogo na kubwa. Ukiletewa Volkswagen, BMW au Benz yenye tanki la akiba la kufunga kwa nyuzi kama za skrubu, koni inakaa upande na kuvuta hewa ya nje. Kuna seti zenye vifuniko vya nyuzi kwa magari hayo. Ukiwa na wateja wa aina hiyo, nunua seti hiyo tangu mwanzo. Dukani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, minya koni kwa vidole: mpira mgumu kama plastiki utapasuka mapema.

Kina kelele, vaa vizibo vya masikio. Pia kinatema ukungu wa kulanti kwenye tundu la kutolea upepo. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu, na gereji zetu zina watoto wanaopita na mbwa wanaolala chini ya magari. Funga mpira kwenye tundu hilo uishie ndani ya ndoo.

Kinamfaa mwenye gereji yenye kompresa ya kudumu na anayefanya kazi za kupoza mara kwa mara, hasa magari yenye hita ya nyuma kama Noah, Alphard na Hiace.

Pampu ya mkono

Hii ni bastola ndogo yenye geji, wengi wanaijua kwa kutolea upepo kwenye breki. Haitaki kompresa wala umeme, inaingia kwenye mkoba, na geji zake mara nyingi ni sahihi kuliko za venturi za bei ya chini.

Tatizo lake ni hesabu. Pigo moja la pampu ya kawaida ya aina hii huvuta karibu mililita 16. Ukimwaga rejeta, injini bado inabaki na kulanti nyingi kwenye bloku, tuseme nafasi iliyo tupu ni lita 3. Kufikisha ile asilimia 84 utahitaji zaidi ya mapigo 300. Nimefanya, mkono unakufa ganzi, na uvujaji mdogo tu kwenye koni unarudisha hewa kwa kasi unayoitoa. Kwa mfumo mzima wa lita 10 uliokauka ni adhabu.

Lakini isitupwe. Kwa saketi ndogo ni nzuri sana. Prius na Aqua zina saketi ya pili ya kulanti inayopoza inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota), tofauti na ya injini, na ujazo wake ni mdogo. Hapo pampu ya mkono inatosha, na upole wake ni faida. Vilevile ni nzuri kwa kupima tu: mfumo ukiwa umejaa nusu, unavuta kidogo na kutazama kama sindano inashika. Viunganishi ndivyo vinavyosumbua, maana pampu hizi huja na vya breki. Utatafuta koni ya rejeta na valvu ya kujazia pembeni.

Inamfaa fundi anayekwenda kwa wateja nyumbani bila kompresa, na mwenye gari anayehudumia gari lake moja mwenyewe.

Pampu ya umeme ya mafundi AC

Swali hili huulizwa na watu ambao tayari wanajaza gesi ya AC. Pampu ipo, inavuta karibu ombwe lote, kwa nini wanunue kingine?

Inavuta kweli. Pwani itafika 29 bila kuhema, na kimya kuliko venturi. Ila nguvu hiyo ndiyo hatari yake. Ikipita 28 na nusu, hata kulanti ya nyuzi 30 iliyobaki ndani ya bloku inaanza kutoa mvuke, na mvuke huo unaingia kwenye oili ya pampu. Oili inageuka nyeupe kama maziwa, vyuma vya ndani vinashika kutu, na siku utakapovuta mfumo wa AC wa mteja pampu haifiki inapotakiwa. Umeharibu chombo cha kazi moja kwa kazi nyingine. Matanki ya plastiki yaliyokaa juani miaka 15 nayo hayapendi kuvutwa hivyo.

Mwenye nia anaweza kuitumia kwa masharti. Weka chupa ya kunasa majimaji kati ya pampu na rejeta, chupa ngumu ya chuma au kioo kinene, kwa sababu ya plastiki itabonyea. Weka geji unayoiona. Zima pampu ikifika 25 pwani, au namba yako ya mlimani. Badilisha oili ya pampu mara kwa mara. Ni kazi ya ziada, na umeme ukikatika katikati unaanza upya, isipokuwa valvu zako zinashika.

Inamfaa fundi wa AC anayejaza kulanti mara chache na aliye tayari kufuata masharti hayo bila kuruka hata moja.

Faneli ya kujazia

Si kifaa cha ombwe, lakini nisingemtendea haki msomaji kama ningeiacha. Ni faneli pana yenye viunganishi vya kuziba shingo ya rejeta bila kuvuja. Unaijaza kulanti mpaka iwe sehemu ya juu kuliko zote kwenye mfumo, unawasha injini, hita kwenye joto la juu, na upepo unapanda wenyewe kama mapovu ndani ya faneli huku kulanti ikishuka kuchukua nafasi. Unasubiri thamostati, valvu inayofunguka kulanti ikipata moto, ifunguke na feni iwake mara mbili.

Haihitaji nguvu yoyote na haiharibiki. Kwa magari mengi ya Kijapani ambayo shingo ya rejeta iko juu, inafanya kazi vizuri kabisa. Inachukua dakika 30 hadi 45, injini ikiwa inawaka, na mtu lazima awe pale. Haikuonyeshi uvujaji kabla ya kujaza. Na kwenye injini ambazo pampu ya maji ni ya umeme, kama Prius ya kizazi cha tatu iliyotoka 2009, au BMW E90 yenye injini ya N52, kuacha injini ikinguruma tu hakutoshi. BMW hiyo ina utaratibu wake: suichi imewashwa bila kuwasha injini, hita juu kabisa, kanyaga mafuta kwa sekunde 10, pampu inazunguka yenyewe kama dakika 12. Subaru za injini ya bapa, ambayo silinda zake zimelala ubavu, nazo zinahitaji uvumilivu, na kuna kizibo cha kutolea upepo juu ya rejeta ambacho wengi hawakifungui.

Yanayohusu vifaa vyote vya ombwe

Jaza mpira wa kunyonyea kulanti kwanza mpaka ifike kwenye valvu, la sivyo upepo wa ndani ya mpira ndio utakaotangulia kuingia. Weka ndoo usawa wa rejeta au juu kidogo, na iwe na kulanti zaidi ya unayotegemea. Ndoo ikikauka katikati, unavuta upepo na kazi inaanza upya. Changanya kabla. Kulanti ya waridi ya Toyota tayari imechanganywa nusu kwa nusu, usiiongeze maji ya kisima, chumvi yake inabaki rejetani.

Thamostati mpya iwe imewekwa na kale kapini kake kanakocheza kakiwa juu, maana hapo ndipo hewa ya nyuma ya thamostati inapopenya. Kama mtu aliwahi kuitoa thamostati "ili gari lisichemshe", rudisha. Na kama mipira ya hita imekatwa na kuunganishwa, jambo ninalolikuta sana pwani, angalia kama kiungo hicho kinashika, ndicho kinachovuta hewa mara nyingi.

Kipimo cha ombwe hakichukui nafasi ya kipimo cha mgandamizo. Ombwe huvuta mipira kuelekea ndani, na ufa mdogo unaweza kujiziba. Gasketi ya hedi inayovuja pole pole inaweza kushika ombwe dakika tano vizuri, kisha ikavuja mfumo ukifika mgandamizo ulioandikwa kwenye kifuniko cha rejeta, 0.9 au 1.1 (takriban bar). Gari lililoletwa kwa sababu lilichemsha lipimwe kwa njia zote mbili.

Kwa hali yako

Una gereji yenye kompresa ya lita 50 au zaidi na kwa wiki unajaza magari matatu au manne: venturi, na uchague seti kwa kutazama magari yanayoegeshwa mlangoni kwako. Zikiwa Toyota na Nissan, koni zinatosha. Zikiwa za Ulaya, lipia vifuniko vya nyuzi.

Kompresa yako ni ndogo na umeme ni wa kubahatisha: venturi bado inawezekana ukivumilia kusubiri, lakini faneli nzuri itakufanyia kazi nyingi zaidi kwa magari ya kawaida. Nunua faneli kwanza, venturi itakuja kompresa itakapokua.

Unafuata wateja kwa pikipiki: faneli na pampu ya mkono kwenye mkoba mmoja. Faneli ndiyo ya kujazia, pampu ni ya saketi za inveta na ya kupima uvujaji.

Wewe ni fundi AC: kama haizidi mara moja kwa mwezi, pampu yako yenye chupa ya kunasa inatosha. Ikizidi hapo, venturi itaiokoa pampu yako.

Unafanya kazi Nairobi, Eldoret au Mbeya: chochote kati ya hivi kinafaa, mradi uhakikishe geji ina mistari inayosomeka kati ya 15 na 25. Geji nyingine zimepakwa kijani kuanzia 25 tu, na kijani hicho hutakiona kamwe.

Una gari moja, IST ya nyumbani, na unabadilisha kulanti kila baada ya miaka kadhaa: faneli inakutosha. Pesa uliyokuwa utoe kwa kifaa cha ombwe nunulia kifuniko kipya cha rejeta chenye namba ileile iliyoandikwa kwenye cha zamani, na galoni moja ya kulanti ya akiba ikae kwenye buti.